Somo la moyo: tuanzie kwenye pakiti ya chumvi

Wanachama, habari zenu. Wengi mliponiomba somo la kulinda moyo mlitaka orodha ya vyakula vya kuacha. Sitaanza na orodha. Nimefanya uuguzi miaka mingi hapa Tanga, na wagonjwa wengi wa kiharusi niliowapokea hawakuwa walafi wala wavivu. Walikuwa na presha wasiyoijua. Kaka yangu mkubwa alikuwa hivyo hivyo: mvuvi, mwembamba, hajawahi kulalamika hata kichwa. Siku aliyoanguka ndiyo siku aliyopimwa presha kwa mara ya kwanza maishani mwake.

Presha haiumi. Moyo hudunda kama mara 100,000 kwa siku, na damu ikisukumwa kwa nguvu kupita kiasi, mishipa hukakamaa, msuli wa moyo hunenepa, figo na ubongo huharibika polepole, huku mwenyewe anaendelea na shughuli zake. Ndiyo maana tunaanza na kipimo.

Hatua ya 1: Pima, na upime vizuri

Mtu mzima apime walau mara 1 kwa mwaka. Mwenye kisukari, mjamzito, au aliyezaliwa kwenye familia yenye presha asisubiri mwaka.

Huwa naumia kuona mtu ameshuka kwenye bodaboda, anapimwa amesimama kwenye kaunta ya duka la dawa huku anaongea na simu. Namba anayopewa hapo si yake. Nenda haja ndogo kwanza. Nusu saa kabla, usinywe kahawa wala usivute sigara. Kaa kimya dakika 5, mgongo umeegemea, nyayo zote mbili chini, miguu usiipandanishe. Mkono ulale juu ya meza usawa wa moyo, na mkanda ufungwe kwenye ngozi, si juu ya sweta. Pima mara 2 ukipumzika dakika 1 katikati, uandike zote mbili. Kama una mashine nyumbani, fanya hivyo asubuhi na jioni kwa siku 7. Chagua mashine ya kufunga juu ya kiwiko. Ile ya kifundo cha mkono hukosea kirahisi.

Chini ya 120/80 uko vizuri. Kituo cha afya kikikukuta na 140/90 au zaidi, na siku nyingine tena hivyo hivyo, hiyo ni presha ya kutibiwa. Kwa vipimo vya nyumbani mpaka ni 135/85. Ukiona 180/120 pamoja na kifua kuuma, kukosa pumzi, macho kufifia au upande mmoja wa mwili kulegea, ni hospitali muda huo huo.

Hatua ya 2: Hesabu chumvi ya nyumba

Hapa ndipo nataka tukae.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe hata gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kisichojaa, ukijumlisha na iliyomo kwenye mkate na vya madukani. Lakini nani anapika na kijiko? Tunatia kwa vidole, tunaonja, tunaongeza. Basi fanya hivi: nunua pakiti mpya ya nusu kilo, andika tarehe juu yake kwa kalamu, kisha hesabu walaji. Watu wazima 5 kwa gramu 5 kila mmoja ni gramu 25 kwa siku. Pakiti ya gramu 500 iwafikishe siku 20 kwa uchache. Ikiisha siku ya 10, mnakula mara mbili ya kiwango, na hapo mkate na chipsi za barabarani hatujazihesabu. Kama kuna watoto, ichukue siku nyingi zaidi, kwa sababu wao kiwango chao ni kidogo.

Ugali wetu hauna chumvi, na hilo ni jambo zuri sana. Mzigo uko kwenye kitoweo: papa mkavu, ng'onda, vidonge vya kukolezea mchuzi, kachumbari inayotiwa chumvi tena mezani, maembe mabichi ya chumvi na pilipili. Na magadi! Magadi ya kulainishia maharage na mlenda yana sodiamu ileile ya kwenye chumvi, ila ulimi hauigundui. Loweka maharage usiku kucha, yataiva bila magadi.

Leo hii ondoa kikopo cha chumvi mezani. Kisha kila wiki punguza kidogo chunguni, bila kutangaza. Ulimi huzoea ndani ya wiki chache, na baada ya hapo chakula cha zamani utakiona kikali. Ndimu, ukwaju, tangawizi, kitunguu saumu, giligilani vinakoleza mchuzi vizuri tu. Papa mkavu mloweke, mwaga maji, rudia mara 2 au 3, na usiongeze chumvi yoyote wakati wa kupika. Hiyo kidogo utakayotumia iwe yenye madini joto.

Hatua ya 3: Sahani na miguu

Nusu ya sahani iwe mboga na matunda. Mchicha, matembele, maharage, ndizi na parachichi vina potasiamu, nayo huusaidia mwili kutoa sodiamu. Mwenye ugonjwa wa figo aulize kwanza kliniki, kwa sababu kwake potasiamu ikizidi ni hatari. Punguza tui zito, na mafuta yaliyokwisha kukaangia yasirudi jikoni.

Tembea dakika 30, siku 5 kwa wiki, kwa mwendo ambao unaweza kuongea lakini kuimba huwezi. Sigara iache kabisa: mwaka 1 baada ya kuacha, hatari ya ugonjwa wa mishipa ya moyo hushuka hadi karibu nusu ya ile ya mvutaji.

Maswali ya wanachama

*Muheza:* Shikamoo nesi. Natumia dawa ya presha mwaka sasa, wiki hii nimepima 124/78. Naweza kuacha?

Marahaba mwanangu. Imeshuka kwa sababu dawa iko kazini. Ukiiacha itapanda tena bila kukupa taarifa. Ukipungua uzito na chumvi ikapungua, daktari anaweza kukupunguzia dozi, lakini aamue yeye. Miguu ikivimba au ukapata kikohozi kikavu kisichoisha, rudi ubadilishiwe. Dawa za presha ziko za aina nyingi.

*Pangani:* Chumvi ya mawe, na ile ya rangi ya waridi ya bei ghali, si nafuu kwa presha?

Hapana dada. Zote ni chumvi, na nyingi hazina madini joto. Hela hiyo nunua ndimu.

*Mombasa:* Juisi ya choya na vitunguu saumu vinatosha badala ya vidonge?

Havitoshi. Choya imeonekana kushusha presha kwa kiasi kidogo. Inywe bila sukari, na vidonge umeze kama ulivyoandikiwa.

*Dereva wa bodaboda, Korogwe:* Mgongo unaniuma, nameza diklofenaki karibu kila siku. Inahusiana na moyo?

Inahusiana sana, na nashukuru umeuliza. Dawa hiyo hufanya mwili ushikilie chumvi na maji, hupandisha presha, na ikizoeleka huumiza figo na moyo. Usiimeze tena kwa mazoea. Kapime presha wiki hii na umwambie daktari umeitumia kwa muda gani, akutafutie tiba nyingine ya mgongo.

*Tanga mjini:* Mwezi wa Ramadhani dawa tunafanyaje?

Nyingi ni za mara 1 kwa siku, zinaweza kuhamishiwa futari au daku. Nenda kliniki wiki kadhaa kabla ya mfungo, hasa ukitumia za kukojosha, kwa sababu zinakausha maji mwilini.

*Handeni:* Baba jana alibanwa na kifua akipanda mlima, akakaa chini, ikaisha. Anasema ni gesi.

Mpeleke leo, hata kama ameamka vizuri na anacheka. Kifua kinachobana mtu akijituma na kuachia akipumzika kichunguzwe kwanza kama moyo; waombe wampime umeme wa moyo. Maumivu yakimrudia akiwa amekaa, yakapanda kwenye taya au mkono, au akatoka jasho jembamba, asitembee hata hatua na usingoje daladala. Tafuta gari. Ukishafika naye, nijulishe.