Toa maji kwenye injini ya boti kabla baridi haijakutoa hela

Naandika nikiwa nyumbani Kigoma, nimekaa hapa mwaloni Kibirizi naangalia boti za abiria zinapakia mizigo, na jana usiku mdogo wangu kanipigia simu toka Michigan, Marekani, ananiambia kaka boti yangu ya jeti nimeshaipandisha kwenye trela, nimeifunika turubai, kuna kingine? Kipo bana, tena kikubwa, na najua hayuko peke yake ndo maana naandika wote msome.

Sisi watu wa ziwa tumezoea mashine ya kufunga nyuma. Ukimaliza kazi unaiacha imesimama wima, maji yanachuruzika yenyewe, na hata yakibaki kwani shida nini, Tanganyika maji ya juu yanacheza kwenye nyuzi 25 hivi mwaka mzima. Boti ya jeti ni habari nyingine. Injini iko ndani ya boti, pampu inavuta maji ya ziwa, mengi yanatupwa nyuma kusukuma boti, kidogo yanachepushwa yakapoze injini na eksozi. Ukizima, haya ya kupoza hayatoki yote, yanajificha kwenye mikunjo ya mipira, kwenye sailensa, kwenye njia za ndani ya bloki. Na maji yakiganda yanavimba karibu asilimia 9, chuma hakinyumbuki hivo, kinapasuka.

Mi nimejifunza kwa hela yangu. Boti ya kwanza niliyonunua huko Marekani ilikuwa ya mkononi, injini V8, yaani ya silinda nane, jamaa aliyeniuzia akasema we paki tu maji yatatoka. Mwezi wa 4 nachomoa dipstiki kupima oili, naona imekuwa kama chai ya maziwa, maji yameingia kwenye oili. Kumulika tochi ubavuni mwa bloki, ufa mrefu kama kalamu. Nikanunua injini nyingine, bei siitaji maana mke wangu anasoma hapa.

Sasa sikiliza, kwenye kusuuza injini na mpira wa bustani ndo watu wengi wanaboronga. Unawasha injini KWANZA ndo unafungua bomba. Kumaliza unafunga bomba kwanza ndo unazima injini. Ukigeuza huo mpangilio maji yanajaa kwenye sailensa yanarudi mpaka kwenye silinda, na hapo hata baridi hujaifikia umeshaua injini. Ukishafunga bomba, injini ikiwa bado inaunguruma, piga resi fupi fupi mara mbili tatu, utaona nyuma inatema maji, afu matone, afu mvuke, zima. Kitabu cha boti yako kinasema mwisho sekunde ngapi bila maji, usizidishe, mipira ya eksozi inaungua. Trela iinue pua juu mkia chini, na plagi za kutolea maji sakafuni mwa boti ziache wazi.

Wenye V8 mna plagi za kutolea maji kila upande wa bloki na nyingine kwenye menifoldi za eksozi, yale mabomba yanayokusanya moshi toka kwenye silinda. Ukifungua halafu hakitoki kitu, usishangilie. Mjomba aliyenifundisha ufundi hapahapa Kibirizi alikuwa anasema tundu lisilotoa maji halijakauka, limeziba. Chukua waya uchokonoe.

Baada ya hapo ndo unapitisha antifrizi, dawa ya kuzuia kuganda, ile ya pinki. Ile ya kijani ya kwenye magari ni sumu, mbwa akiilamba umempoteza, na msimu ukianza yote inaishia ziwani. Ni lazima maji yatoke kwanza, ikichanganyika inapungua nguvu, kwaiyo pitisha mpaka inayotoka nyuma iwe na rangi ileile ya kwenye kopo, ikiwa imepauka bado kuna maji. Na wale wa Sea-Doo, zile jetski, mnaosema yetu ina kulanti yake, maji ya kupoza yanayozunguka ndani tu, haihusiki, injini sawa, ila eksozi bado inapozwa na maji ya ziwa, kwaiyo inahusika.

Betri ingiza ndani ukaichaji, ikiisha chaji nayo inaganda. Plagi za moto zitoe, pulizia oili kwenye silinda, zungusha injini kidogo ienee. Hii wala si mambo ya kizungu tu, meli yetu ya hapa ziwani, Liemba, Wajerumani walipoizamisha wenyewe 1916, mafundi wake waliipaka mashine grisi nene kwanza, Waingereza wakaiopoa 1924 na 1927 ikarudi kazini. Sasa wewe unashindwa kopo moja la oili kwa miezi mitano?

Mdogo wangu kanitumia video sasa hivi. Plagi ya kushoto ilikuwa kavu kabisa, kachokonoa na waya wa hanga ya nguo, kikatoka kama kijiko cha mchanga, afu maji mekundu ya kutu yakamwagika mpaka yakalowesha viatu. Ya kulia bado, anasema spana inateleza.