Namna ya Kutafuta Bwawa Dogo la Kuvulia kwa Mshipi Karibu na Nairobi

Mkazi wa Nairobi anayependa kuvua kwa mshipi, akiulizwa ataelekea wapi mwishoni mwa juma, aghalabu hutaja Naivasha. Ana haki ya kusema hivyo, kwa kuwa ziwa lile liko umbali wa kilomita 90 hivi na lina samaki wa kutosha. Hata hivyo Naivasha ni ziwa pana, upepo wake wa alasiri huwatesa wenye mashua ndogo, viboko wake si wa kuchezewa, na mvuvi anayevua kutoka ukingoni hufikia sehemu ndogo tu ya maji. Wakati huohuo, katika nchi ya kahawa inayoanzia Kiambu na kushuka kupitia Ruiru na Juja hadi Thika, kuna mabwawa madogo mengi yaliyojengwa na mashamba makubwa kwa ajili ya kunyweshea mibuni na kuoshea kahawa, na mengi kati ya hayo yana samaki ambao hawavuliwi mara kwa mara. Kwa maoni yangu, bwawa moja la aina hiyo, ukilijua vizuri na ukaingia kwa idhini ya mwenyewe, lina faida kwa mvuvi wa mshipi kuliko safari kumi za ziwa kubwa.

Nina ndugu anayeishi Minnesota, nchini Marekani, ambako watu huvua samaki aitwaye walleye, mwenye macho yanayong'aa gizani na ambaye hula zaidi jua linapozama na kabla halijachomoza. Yeye hutafuta maziwa madogo ya huko kwa njia rahisi, kwani idara ya maliasili ya jimbo lile hutangaza kumbukumbu za ziwa moja moja, zikionyesha kina chake, samaki waliomo na vifaranga waliopandikizwa. Walleye hayupo katika maji yetu, lakini maswali ambayo ndugu yangu hujibiwa na kumbukumbu zile ndiyo yaleyale tunayopaswa kuyajibu hapa: maji yana kina gani, hudumu mwaka mzima au hukauka, samaki gani wamo, na nani anamla nani. Tofauti ni kwamba hapa mvuvi hukusanya majibu mwenyewe, kwa ramani, kwa miguu na kwa kuuliza.

Anza na picha za setilaiti kabla ya kutumia hata shilingi moja ya mafuta. Fuata mito inayoshuka kutoka nyanda za juu, kama vile Kamiti, Ruiru, Thiririka na Ndarugu, pamoja na vijito vinavyoingia humo, kwa kuwa mabwawa ya mashamba hujengwa kwa kuziba bonde la kijito. Bwawa la namna hiyo hutambulika kwa umbo lake: upande mmoja wa chini umenyooka kama uliopigwa rula, na hapo ndipo penye tuta, upande wa juu huchongoka kama mkia, na wakati mwingine huwa na mikia miwili pale vijito viwili vilipokutana. Kisha tazama picha za miaka iliyopita za mahali hapohapo, ukilinganisha za Februari, wakati wa kiangazi, na za Juni, baada ya mvua za masika. Bwawa ambalo mwambao wake haubadiliki sana kati ya miezi hiyo miwili lina maji ya kudumu. Kipimo kigumu zaidi ni picha za mwishoni mwa 2022, baada ya misimu kadhaa ya mvua haba. Bwawa lililobaki na maji wakati ule lina uwezekano mkubwa wa kuwa na samaki wazee.

Rangi nayo husema jambo. Maji yanayoonekana meusi au ya kijani kilichokolea kwa kawaida yana kina, yale ya rangi ya matofali yamejaa udongo uliosombwa na mvua, na kijani kinachong'aa huwa ni mwani au magugu maji. Nilijifunza kutilia shaka kijani hicho baada ya kuamka saa kumi za usiku siku moja, nikasafiri hadi bwawa nililolichunguza kwenye simu kwa wiki nzima, na nikakuta wakulima wamelilima lote na kupanda nduma. Majani yake mapana, yakitazamwa kutoka angani, yalifanana kabisa na maji yenye mwani. Tangu siku hiyo sitoki nyumbani kabla sijaona angalau picha moja ambamo uso wa bwawa unaakisi mwanga wa jua, kwa sababu nduma haziakisi.

Ukishapata mabwawa sita au saba yenye kutia matumaini, yapange kwa mwinuko wa mahali, kwa maana mwinuko ndio unaoamua joto la maji, na joto ndilo linaloamua samaki. Tilapia, ambaye wengi sokoni humwita ngege, hupenda maji ya nyuzi 24 hadi 30 za Selsiasi, na maji yakishuka sana chini ya 20 hupunguza kula na huacha kuzaa. Kwa hiyo mabwawa ya upande wa Juja na Thika, katika mwinuko wa takriban mita 1,500, humfaa zaidi kuliko mabwawa ya Limuru yaliyo juu ya mita 2,000, ambako asubuhi za Julai maji huwa baridi kama ya mtungi. Trauti, kinyume chake, hutaka maji baridi na safi, na ndiyo sababu maji yake yako milimani, kwenye Aberdare na Mlima Kenya, ambako aliletwa mwanzoni mwa karne ya 20. Maziwa ya magadi kama Elementaita na Magadi yenyewe yafute kabisa katika orodha yako. Flamingo hustawi huko, lakini mvuvi wa ndoana hana kazi.

Jambo ambalo wavuvi wengi hulipuuza, nami naliona kuwa kiini cha utafutaji wote, ni kujua kama bwawa lina samaki mla-samaki. Tilapia huzaa mapema na mara nyingi, na jike huyahifadhi mayai na watoto kinywani, hivyo wengi wao huokoka. Akiachwa peke yake katika bwawa dogo, baada ya miaka michache bwawa hujaa tilapia wa ukubwa wa kiganja ambao wamezeeka bila kukua, kwa kuwa chakula kimegawanywa kwa vinywa vingi mno. Palipo na besi, yule samaki wa kinywa kikubwa aliyeletwa Naivasha kutoka Marekani mwishoni mwa miaka ya 1920 na ambaye baadaye alitiwa pia katika mabwawa ya mashamba, au palipo na kambare wa kutosha, watoto wa tilapia hupunguzwa na wale wanaobaki hunenepa. Bwawa la namna hii hukupa samaki wachache kwa siku, lakini ni samaki wa kujaza sahani. Kumbuka pia kwamba bwawa linalokauka kila baada ya miaka michache haliwezi kuwa na besi, ilhali kambare anaweza kuwamo, kwa kuwa hupumua hewa, huvumilia tope, na usiku wa mvua hujikokota juu ya nyasi zenye maji kutoka dimbwi moja hadi jingine.

Habari hizo hazionekani kutoka angani, bali ziko kwa watu. Mwulize mlinzi wa lango, mama anayeuza chai njiani, vijana wanaochota maji kwa punda, na usiulize kwa haraka. Katika shamba moja la kahawa upande wa Ruiru nilimkuta mlinzi mwenye umri wa baba yangu, nikamsalimu na kukaa naye kwenye gogo kabla ya kutaja samaki.

"Mzee, hili bwawa limewahi kukauka tangu uje hapa?"

"Halijawahi, kijana wangu. Hata ile mwaka ng'ombe walikufa, hapa maji yalirudi nyuma mpaka kwa ile miti tu. Na wale samaki wa mdomo mkubwa waliwekwa na mzungu wa zamani. Ngege ndio walikuja na mvua ya El Niño, bwawa la juu lilipopasuka."

Kwa maneno hayo machache nilikuwa nimejua kina cha bwawa, aina mbili za samaki, na umri wa ukoo wa ngege wake, kwani mvua za El Niño alizozitaja ni zile za 1997 na 1998. Mabwawa mengine yalipata tilapia kutokana na mpango wa serikali ulioanza 2009, ambapo mabwawa ya kufugia samaki yalichimbwa katika maeneo bunge mengi. Mengi ya mabwawa hayo yaliachwa baadaye, na mafuriko yakawapeleka samaki wake kwenye maji ya bondeni. Kwa hiyo ni vyema kuuliza kama kuna mtu aliyefuga samaki upande wa juu wa kijito.

Omba idhini kwa mwenye shamba au meneja kabla ya kufungua mkoba wa vifaa, na uiombe kwa maandishi ikiwezekana, ukieleza utakuja siku gani, mkiwa wangapi, na kama utawachukua samaki au utawarudisha majini. Mlinzi akikuruhusu kwa soda, si idhini hiyo, na ndiye atakayepoteza kazi. Mbali na ruhusa ya mwenye maji, pitia ofisi ya uvuvi ya kaunti uulize kuhusu leseni, kwa sababu uvuvi nchini unaongozwa na Sheria ya Usimamizi na Maendeleo ya Uvuvi ya 2016, na uvuvi wa burudani haukuachwa nje yake. Ndani ya hifadhi za taifa utahitaji ruhusa ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, na ndani ya misitu ya serikali ruhusa ya Huduma ya Misitu. Mabwawa ya Ndakaini na Sasumua, yanayotunywesha sisi wakazi wa Nairobi, yana ulinzi wake; usiyaendee kama maji yasiyo na mwenyewe.

Siku ya kwanza usitupe ndoana hata kidogo kwa saa nzima. Fika kabla ya saa kumi na mbili na nusu, jua linapochomoza, uketi mahali palipoinuka. Ndege kama mnandi anayezama na kuibuka, au mdiria anayening'inia hewani kisha akaanguka kama jiwe, hao ni mashahidi kwamba kuna samaki wadogo. Jua likipanda kidogo, tembea polepole kando ya maji ya kina kifupi ukitazama chini: utaona mabakuli ya mviringo yaliyochimbwa kwenye mchanga, mengine mapana kama sinia la pilau, yakiwa yamefagiliwa safi, na juu ya kila moja tilapia dume mweusi amesimama akilinda, akimfukuza kila anayekaribia. Ukubwa wa bakuli hilo na wa dume lenyewe utakuambia kama bwawa lina samaki wa kiganja au wa sahani. Lakini ukiona samaki wengi wakihema juu ya maji alfajiri, vinywa wazi, ujue maji yamepungukiwa hewa, jambo linalotokea hasa palipo na mwani mwingi au pale maji ya kuoshea kahawa yalipoingia wakati wa mavuno makuu ya Oktoba hadi Desemba. Siku kama hiyo samaki hawali.

Kisha ingiza mkono majini hadi kwenye kiwiko. Ukiviona vidole vyako kwa shida, maji yana rutuba ya kiasi kizuri. Visipoonekana hata ulipozamisha kiganja tu, subiri wiki mbili tope litue. Kina kipime kwa chubwi, yaani kizito cha kuzamisha ndoana, iliyofungwa kwenye mshipi pamoja na boya unalolisogeza mpaka lisimame wima. Sehemu yenye kina kirefu kwa kawaida iko karibu na tuta, kwenye mkondo wa zamani wa kijito, na besi hupenda ukingo wa mkondo huo penye magogo au matete. Tilapia mtafute kwenye kina kifupi kwa nyungunyungu au donge dogo la ugali, ndoana ikiwa ndogo, maana kinywa chake ni chembamba. Kambare atakuja jioni, kwenye tope, akifuata harufu ya maini ya kuku.

Yako maji ya kuacha. Bwawa la Nairobi, lile lililo kati ya Kibera na Lang'ata na lililojengwa 1953, limejaa magugu maji na maji taka, na samaki wake hawafai kuliwa. Mashimo ya machimbo ya mawe yaliyojaa maji, ambayo ni mengi upande wa Njiru na Juja, yana kingo zilizokatwa wima. Anayeteleza humo hapati pa kushika, na watoto wengi wamepotelea humo. Katika bwawa lolote lenye majani na konokono usiingie miguu mitupu, kwa sababu ya kichocho. Na ukisikia kwamba kuna kiboko, hata kama ni mmoja na hata kama hakuonekana tangu mwezi uliopita, tafuta bwawa jingine.

Weka daftari. Andika tarehe, hali ya anga, rangi ya maji, kina ulichokipima, chambo, na urefu wa kila samaki, hata wa wale uliowarudisha. Usihamishe samaki hai kutoka bwawa moja kwenda jingine kwa nia ya kuliboresha, kwani tilapia wachache kwenye ndoo wanatosha kuharibu bwawa lililokuwa na mizani yake. Nambari ya simu ya mlinzi iandike kwenye ukurasa wa kwanza, umpelekee samaki wake kila unapopata kibali cha kuchukua. Yule mzee wa Ruiru hunipigia kila mwaka mwezi wa Juni, na huwa haongei sana: "Maji yamesafika, kijana. Ile miti imeanza kuonekana chini."