Ukifika Kochi, India, sinagogi ya Paradesi iangalie hivi

Kwanza Jumamosi usiende, ni Sabato, na viatu utavua kwahiyo soksi ziwe safi jamani. Nje anza na mnara wa saa, huo ni wa 1760, sinagogi yenyewe ya 1568, Wareno wakaiharibu 1662 ikaja kukarabatiwa enzi za Waholanzi. Ndani kila mtu anakodolea macho taa za kioo za Ubelgiji, we inama ucheki sakafu, vigae vya bluu na nyeupe vilivyochorwa kwa mkono China, ukitulia utaona maua yanatofautiana. Alafu geuka uangalie juu roshanini, kuna jukwaa la pili la kusomea Torati, hiyo ndo staili ya Wayahudi wa Kochi, na wengi wanatoka hata hawajaiona.