SOMO: Kuweka apu kwenye simu bila kuibiwa

"Fundi, apu hii ni salama?" Mwaniuliza mezani kwangu Langoni, Lamu, mwaniuliza usiku kwa simu. Naandika mara moja, atakayeuliza tena nitamwelekeza hapa. Somo ni la Android.

1. Chukua apu Play Store kwa kuitafuta mwenyewe, si kwa kiungo ulichotumiwa.

2. Soma jina la mtengenezaji chini ya jina la apu. Apu ya benki iliyotengenezwa na mtu asiyejulikana si ya benki.

3. Zima ruhusa ya mafaili ya APK, yaani mafaili ya kusakinisha apu bila kupitia Play Store. Tangu Android 8 ya mwaka 2017, ruhusa hii hutolewa kwa kila apu peke yake, kwa hivyo huenda uliizima kwenye Chrome ukaiacha wazi kwenye WhatsApp. Nenda Mipangilio, Programu, Ufikiaji maalum, Sakinisha programu zisizojulikana. Pitia orodha yote, zima zote. Kadi ya harusi haisakinishwi. Likija faili la .apk kwa jina la kadi, futa.

4. Ruhusa. Hapa tutulie, ndipo watu wanapoibiwa. Tochi ikiomba kusoma SMS, kataa, maana kwenye SMS ndiko zinakoingia namba za kuthibitisha za benki. Lakini iliyo mbaya kushinda zote ni ruhusa ya Ufikivu. Iliwekwa kwa ajili ya wasioona na wenye udhaifu wa mikono: apu iliyopewa ruhusa hii yaweza kusoma kilichoko kwenye kioo na kubonyeza badala yako. Ikipewa apu ya wezi, itajibonyezea "Ruhusu" yenyewe, itasoma unachoandika kwenye apu ya benki, na ukienda kuifuta itakurudisha nyuma. Niliwahi kuletewa simu nibadilishe kioo, kwa sababu kila Mipangilio ikifunguliwa yajifunga. Kioo kilikuwa kizima. Ndani ya Ufikivu mlikuwa na apu ya kutazama mpira bure.

Android 13 na za baadaye huizuia apu ya APK isipewe Ufikivu kirahisi. Wezi nao humwelekeza mtu: fungua maelezo ya apu, bonyeza vidoti vitatu, ruhusu mipangilio yenye vikwazo. Apu ikikufundisha njia hiyo, ifute papo hapo. Wala usiikubali iwe msimamizi wa kifaa, kwani haitafutika mpaka uiondoe usimamizi kwanza.

5. Sasisha simu, na Play Protect, mkaguzi wa apu wa Google, isizimwe hata ukiombwa.

Ukishanasa: zima data na Wi-Fi. Toa laini, iweke kwenye mulika mwizi, ubadili PIN ya M-Pesa humo, kisha upigie 234 ya M-Pesa na benki yako. Baadaye ndipo uwashe simu kwa hali salama, ambamo apu ulizoweka hazifanyi kazi, uifute apu ya wezi. Ikikataa, hifadhi picha na uirudishe simu ilivyotoka kiwandani.

MASWALI

Kijana wa Mkomani: Fundi, nitumie basi apu ya mpira isiyo na virusi.

Fundi: Hatua ya 3.

Kijana wa Mkomani: Mbona natumia GB WhatsApp na sijaibiwa? Watisha watu tu.

Fundi: Simtishi mtu. Mwaka 2021 Kaspersky, kampuni ya usalama wa kompyuta, walikuta kirusi cha Triada ndani ya toleo la FMWhatsApp, ambayo ni ya aina hiyo hiyo ya GB: WhatsApp iliyochezewa na watu wengine. Na WhatsApp wenyewe hufungia akaunti za matoleo hayo. Simu ni yako.

Bint Shela: Shikamoo Fundi. Baba haoni, simu husomewa na TalkBack. Nimzimie Ufikivu? Tena simu yake ni ya Kiingereza, neno hilo silioni.

Fundi: Marahaba mwanangu. Usimzimie! TalkBack ni ya Google, na ndiyo inayomwezesha kutumia simu. Tafuta mchoro wa mtu aliyenyoosha mikono, ingia, utazame sehemu ya programu zilizopakuliwa. Kilichomo humo kisichomsaidia kuona wala kusikia, kizime. Na umwambie baba: apu mpya ikiomba ruhusa, asibonyeze mpaka uje.

Bi wa Langoni: Apu ya mkopo yataka majina yote yaliyo simuni mwangu.

Fundi: Kataa, Bi. Tangu 2023 Google haiziruhusu apu za mikopo binafsi za Play Store kuchukua orodha ya watu wala picha. Benki Kuu ya Kenya ina orodha ya wakopeshaji wa kidijitali wenye leseni. Tafuta jina la kampuni humo, maana jina la apu huenda likawa tofauti.

Mwalimu wa Faza: Huku bando ni ghali, twatumiana apu kwa Xender. Tufanyeje?

Fundi: Ahsante kwa kuuliza, Mwalimu. Fungua Play Store, bonyeza picha yako, uingie kwenye kudhibiti programu. Mna sehemu ya kushiriki programu: simu mbili zikiwa karibu hutumiana bila bando, na Play Protect huikagua apu.

Mwalimu wa Faza: Nimejaribu na mwenzangu, simu hazionani.

Fundi: Washeni Bluetooth na huduma ya mahali (Location), kwenye simu zote mbili.