Kabla ya kuhesabu samaki wa Kiunga

Kazi ya kuhesabu samaki kwenye miamba kati ya Kiwayu na Kiunga, Lamu, pwani ya Kenya, huanzia nchi kavu. Hifadhi ya Bahari ya Kiunga ilitangazwa mwaka 1979, lakini Wabajuni walivua humo vizazi vingi kabla yake, na kila kipwa (fungu la maji machache) na kila mlango wa bahari wanaujua. Leseni ya utafiti ya NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi) na ruhusa ya KWS (Shirika la Wanyamapori) ni lazima, ila hazitoshi. Nenda kwa kamati ya BMU, yaani kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo, kisha uombe kukaa na wazee na manahodha. Usiende Ijumaa, wala usiwahimize wakujibu siku hiyo hiyo.

Katika kikao hicho, zungumzeni habari ya ramani. Mzee akikuonyesha mwamba anakotega madema (mitego ya kusukwa), au mahali chewa wanapokusanyika kutaga, amekukabidhi riziki ya wanawe. Vipimo vya GPS vikichapishwa, wenye majuya, nyavu za kukokota, watafika hapo kabla ripoti haijakauka wino. Kubalianeni kwa maandishi, tena ya Kiswahili: vituo gani havitatajwa, nani atatunza takwimu, na kwamba matokeo yatasomwa kijijini kwanza. Mtafiti anayeona sharti hili ni zito, kwangu mimi, afadhali asipewe mashua.

Kwenye timu, tafuteni wapiga mbizi wanaovua kambakoche kutoka Kizingitini, kisiwani Pate, na walipwe sawa na msaidizi yeyote atokaye Mombasa. Wao wanawajua samaki, kinachobaki ni mazoezi ya kukadiria urefu. Ukitazama kwa miwani ya kuzamia, kitu huonekana kimezidi kwa thuluthi hivi: samaki wa sentimita 30 utadhani ana 40. Basi chongeni samaki wa mbao wa urefu mbalimbali, wafungeni kwenye kamba yenye uzito wa risasi, muizamishe. Kila mtu akadirie, aandike, halafu apime, na mrudie hadi makosa yapungue. Mkitoka majini, linganisheni majina kwa picha. Pono wengi hubadilika rangi na jinsia wanapokua, kwa hiyo jike na dume wasije wakaandikwa kama aina mbili.

Kusi, upepo wa kusini, huchafua bahari kuanzia Aprili hivi hadi Septemba. Ngojeni kaskazi, upepo wa kaskazini, ilegee, au matlai, msimu wa upepo mwanana, na mchague siku za maji mafu, maji yanapopanda na kushuka kidogo, maana wakati wa bamvua, yanapopanda na kushuka sana, mkondo wa milangoni humchukua hata mwogeleaji hodari. Ramadhani msipange mbizi.

Vifaa si vingi: futikamba ya mita 50, vibao vya plastiki na penseli, maboya ya kujiokolea, redio, maji ya kunywa na sanduku la huduma ya kwanza. Huku ni karibu na mpaka wa Somalia, kwa hiyo chifu na walinzi wa pwani wajue njia yenu na saa ya kurudi. Vibao vinakiliwe jioni ile ile, nakala mbili, moja ibaki BMU.