Chujio ni jiwe: kulea tangi la maji ya bahari Unguja

Kazi yangu ya asili ni ufundi wa mafriji. Matangi ya samaki yamenijia kwa sababu hoteli ikinunua mashine ya kupoza maji humwita fundi friji, na fundi friji akishafika huulizwa pia kwa nini samaki wanakufa. Sasa nina tangi langu la lita 400 nyumbani Bububu, lenye matumbawe laini na samaki wachache, na ninayoyaandika hapa ndiyo ninayowaambia vijana wa mapokezi wanaoachiwa tangi la tajiri bila ya mtu kuwaonesha kitu.

Swali lao la mwanzo huwa: tununue filta gani? Mie hujibu, hakuna. Nunueni pampu mbili za kuzungusha maji na mashine ya povu moja nzuri, ile inayoutoa uchafu majini kwa povu. Pesa iliyobaki itieni kwenye mawe.

Samaki hutoa amonia, ambayo ni sumu kwake, mchana na usiku, sehemu kubwa kwa kupitia matamvua yake, wala si kwa choo tu kama watu wanavyodhani. Chakula kilichobaki kikioza nacho hutoa amonia. Kuna kundi la bakteria linaloigeuza amonia kuwa nitriti, na kundi jengine linaloigeuza nitriti kuwa nitrati. Makundi yote mawili hukaa yameganda juu ya kitu kigumu: jiwe, mchanga, kioo, ndani ya mabomba. Ndiyo maana kubadilisha maji hakuwaondoi, na kuosha kila kitu kwa sabuni kunawaua. Wanataka oksijeni nyingi. Ndani kabisa ya jiwe, kule oksijeni isikofika, kuna bakteria wa namna nyengine ambao huivunja nitrati ikawa gesi ya nitrojeni, ikapanda na kutoka hewani. Jiwe lenye vitundu linafanya kazi zote hizo pahala pamoja. Vile vijipira vya plastiki vinavyouzwa na filta vinafanya nusu ya mwanzo tu.

Na kwenye maji ya bahari hakuna kusamehewa. pH yake, yaani kipimo cha asidi, ni karibu 8.2, na kwa pH hiyo sehemu ya amonia iliyo katika hali ya sumu ni zaidi ya mara kumi kuliko kwenye maji matamu ya pH 7. Kipimo kidogo cha amonia ambacho samaki wa mtoni angekivumilia, samaki wa mwambani kinamuunguza matamvua.

Jiwe la kupata wapi

Si baharini. Tumbawe zima na jiwe hai, yaani jiwe lenye viumbe juu yake, havichukuliwi mwambani kwa mkono wako tu. Ukitaka kitu chochote cha mwambani kwanza fika Wizara ya Uchumi wa Buluu na Uvuvi ukaulize kibali, na matumbawe ya mawe yote yamo katika Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa dunia wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, kwa hivyo hata kuyavusha mpaka yana karatasi zake. Mgeni akikuambia amezoea kununua kwao, mwambie kwao si hapa.

Lakini sisi tumejaaliwa. Upande wote wa mashariki na kusini wa Unguja ni maweni, yaani tumbawe la kale lililobaki nchi kavu. Nenda kwenye machimbo, omba uchague mwenyewe. Shika jiwe mkononi: likiwa jepesi kuliko ulivyolitegemea kwa ukubwa wake, hilo ndilo. Lidondoshee maji, likiyanywa papo hapo, lichukue. Likiteleza na kung'aa kama sakafu, liache liende likajengewe msingi. Kwa lita 400 nilitia kiasi cha kilo 40.

Usiokote jiwe la nyumba ya Mji Mkongwe iliyoanguka, hata kama limelala njiani na hakuna anayelitaka. Lina chokaa iliyokandikwa, na limenyonya mambo ya karne nzima, choo kikiwemo.

Jiwe la machimbo lisugue kwa brashi mpaka udongo mwekundu uishe kwenye vitundu, liroweke kwenye pipa la maji matamu, badilisha maji mpaka yabaki meupe, kisha pima fosfati ya maji hayo, ile chumvi inayokuza mwani. Ikiwa inasoma juu, endelea kuroweka. Ukiyapanga tangini usijenge ukuta. Yapange yaachane, yasiegemee kioo cha nyuma, maji yapite mbele, nyuma na katikati. Jiwe lisilopitiwa na maji ni uzito tu. Mchanga tandika sentimita mbili tatu, usizidishe. Mchanga mzito usioguswa hufanya gesi ya yai bovu, na siku utakayouchokora inatoka yote.

Kuliamsha tangi

Tia maji ya bahari, washa pampu, taa ziache zimezimwa. Joto letu halihitaji hita. Mchukue kamba mbichi mmoja na ganda lake, mtie ndani ya kifuko cha kitambaa chepesi, mning'inize tangini. Akioza atatoa amonia ya kuwalisha bakteria. Atanuka, na nyumba ijue. Pima amonia kila siku. Ikifika miligramu 2 kwa lita mtoe. Kuna wanaoamini kamba wengi wataharakisha. Wapi! Amonia ikizidi miligramu 4 au 5 inalizuia kundi la pili lisikue, na unakuwa umejichelewesha mwenyewe.

Mwenzio mwenye tangi zee lenye afya akikupa kipande cha jiwe au sponji yake, hiyo ni zawadi kubwa kuliko filta. Ije majini, isikauke njiani, isipigwe jua kwenye daladala. Bila ya mbegu hiyo hesabu wiki nne mpaka sita.

Utaona amonia inapanda halafu inashuka. Nitriti nayo inafuata, inapanda, inakaa juu mpaka unakata tamaa, kisha inaporomoka kwa ghafla. Katika kipindi hicho usiamini kipimo cha nitrati: vipimo vingi vya matone vinaisoma nitriti kama nitrati, ukaona rangi nyekundu ya kutisha ambayo si ya kweli. Tangi limekuwa tayari ikiwa utalitilia tena amonia ya miligramu 2 kwa lita jioni, na kesho yake jioni amonia na nitriti zote zinasoma sifuri. Badilisha sehemu ya maji, kisha tia samaki mmoja au wawili wadogo. Ukungu wa kahawia utaotanda juu ya mchanga ni kawaida, unaondoka wenyewe.

Bakteria huongezeka kwa kadiri ya chakula wanachopata, hawazidi. Hoteli moja ya pwani ya mashariki ilijaza tangi samaki kwa mara moja kwa sababu msimu unaanza na tajiri anataka lionekane limechangamka. Jiwe lilikuwa limezoea kula amonia ya samaki watatu. Vijana waliponipigia simu samaki walikuwa juu ya maji wanahema, na mashine wanayoilaumu ilikuwa nzima. Kila nyongeza ipe wiki mbili tatu, na pima katikati.

Umeme ukikatika

Hapa ndipo wanaoandika kutoka Ulaya wasipotufaa, wao hulieleza kwa mstari mmoja. Aliyekuwepo Unguja kuanzia Disemba 2009 mpaka Machi 2010, umeme wa waya wa chini ya bahari ulipotoweka kwa miezi mitatu, hahitaji kuhadithiwa. Siku hizi mkato ni wa saa chache, lakini saa chache zinatosha.

Kinachoisha mwanzo ni oksijeni. Maji ya bahari yenye digrii 28 yakishiba kabisa yanabeba oksijeni kidogo zaidi ya miligramu 6 kwa lita, na wanaogombea ni samaki, matumbawe na bakteria hao hao tunaowalea. Jiwe lililo ndani ya tangi litavumilia. Filta ya kopo, ile iliyo ndani ya chombo kilichofungwa nje ya tangi, haivumilii: friji ukilizima na mlango umefungwa hukaa na baridi yake, lakini kopo ukilizima limefungwa, bakteria wa ndani wanamaliza oksijeni ya maji yaliyomo, wanaanza kufa na kuoza. Umeme ukirudi, pampu inasukuma uozo ule wote tangini. Kwa hivyo ukiwa na kopo, mkato ukizidi saa moja au mbili lifungue, mwaga maji yake, suuza vilivyomo kwa maji ya tangi, ndipo uliwashe. Mie sina kopo, na sababu ni hiyo.

Hesabu ya betri ni rahisi. Betri ya volti 12 ya Ah 50 (ampea-saa) ina Wh 600 (wati-saa). Tumia nusu, ili isife mapema, zimebaki 300. Pampu ndogo ya wati 20 inayokwenda kwa volti 12 moja kwa moja, bila ya inveta, itakupa saa 15. Ukipitia inveta sema 12, maana na yenyewe inakula. Elekeza mdomo wa pampu juu ya maji ili uso wa maji ucheze. Hapo ndipo oksijeni inapoingilia. Asiye na betri achote maji kwa jagi ayamwage kutoka juu, kila nusu saa, na watoto waingie zamu. Samaki wasilishwe wakati wa kiza wala saa za mwanzo baada ya umeme kurudi. Na umeme ukirudi usikimbilie soketi: tia friji gadi, kile kifaa kinachochelewesha umeme, au subiri dakika kumi. Pampu nyingi nilizotupa zimeuawa na umeme uliorudi na nguvu, si na uliokatika.

Maji mapya

Kila wiki mbili nabadilisha kiasi cha asilimia 10. Maji nayachota Mangapwani, maji yakiwa yamejaa, yaani yanatoka bahari kubwa. Maji yakitoka yanateremka na taka za ufukweni. Karibu na bandari na mifereji ya mjini sichoti. Wakati wa masika, mvua ikipiga, ngoja siku kadhaa, kwa sababu maji ya juu karibu na pwani hupungua chumvi. Usibahatishe kwa ulimi, pima kwa rifraktomita, kifaa cha kupimia chumvi: uzito wa maji ukilinganishwa na maji matamu uwe 1.025 mpaka 1.026. Dumu liwe la mafuta ya kula lililooshwa, si lililobeba dizeli. Nyumbani maji yakae wiki moja kwenye pipa la kiza na pampu ya hewa, viumbe vidogo vilivyomo vife na vimalizwe, kisha pima amonia kabla ya kuyatumia.

Yanayopotea kwa mvuke yanafidiwa kwa maji matamu, kwani chumvi haipandi na mvuke. Maji ya bomba yetu yanatoka kwenye mawe ya chokaa, ni magumu, yaani yana chokaa nyingi. Ya mvua yaliyopita paa la bati yana zinki, nayo ni sumu kwa matumbawe na konokono. Mie naomba maji ya mashine ya kusafishia katika hoteli ninayoihudumia.

Siku ya kubadilisha maji ndiyo siku ya kukamua sponji ya pampu, ukiwa nayo, ndani ya ndoo ya maji yale yale uliyoyatoa tangini. Nusu ya sponji mara hii, nusu mara nyengine. Samaki akiugua, dawa ya kopa (shaba) mpe katika beseni la peke yake. Jiwe linainyonya na kuitoa pole pole, na kila kisicho na uti wa mgongo kitaondoka.

Nitrati inapobaki

Jiwe likifanya kazi vizuri amonia na nitriti ni sifuri daima, ila nitrati inaweza kujikusanya. Kwangu naiacha kati ya miligramu 2 na 10 kwa lita. Sifuri kabisa siitaki, matumbawe yanapauka kwa njaa.

Dawa yangu ya kwanza ni mwani, ule ule spinosum unaolimwa Paje na Jambiani tangu 1989. Fumba moja la mkono kwenye tangi la chini, lile dogo lililounganishwa na la samaki kwa mabomba, na taa inayowaka usiku wakati taa ya juu imezimwa, ili pH isiteremke sana alfajiri. Mwani unakula nitrati na fosfati, lakini hazijaondoka mpaka uuvune: kata kila wiki, ukatupe shambani. Bi mkubwa mmoja wa Jambiani ndiye aliyenifundisha kutazama ncha. Zikipauka, kata sehemu hiyo upesi, hasa mwezi wa Februari na Machi maji yanapokaribia digrii 29 na 30, maana ukioza unarudisha kila ulichokula. Caulerpa, ule wa kijani unaotambaa, usiutie. Unaweza kuzaa na kuyeyuka wote kwa usiku mmoja.

Ikiwa mwani hautoshi, kuna siki. Wazungu hutumia vodka, siye ya nini. Siki nyeupe ya asilimia 5, isiyo rangi wala pilipili, inawalisha bakteria kaboni. Wanakua, wanavuta nitrati na fosfati mwilini mwao, na mashine ya povu inawatoa. Pasipo mashine ya povu usijaribu. Anza na mililita 1 kwa kila lita 100 kwa siku, asubuhi, karibu na pampu. Kaa na kipimo hicho wiki nzima, pima nitrati, ndipo uongeze kidogo. Ukiona utelezi mweupe kwenye kioo na mabomba, punguza nusu. Maji yakigeuka maziwa, acha kabisa na utie pampu ya hewa, kwa sababu bakteria hao nao wanakula oksijeni. Na siku iliyotangazwa mkato wa umeme, usitie hata tone.