Msumeno wa moto: anza na mnyororo

Tazama kinachoruka chini ya msumeno wako unapokata. Yakitoka maranda mapana, mnyororo unakula mti. Ukitoka unga laini kama sembe, mnyororo umekuwa butu, na kila dakika unayoendelea kukandamiza unakula mashine yako mwenyewe. Mkataji anaegemea msumeno ili uingie, injini inaelemewa, klachi inateleza na kupata moto, baa (ule ubapa wa chuma unaobeba mnyororo) inabadilika rangi na kuwa ya bluu, na pistoni inachemka kuliko ilivyotengenezwa kuvumilia. Mwisho wake fundi anaambiwa injini imekufa. Kilichoiua ni kukosa tupa ya shilingi chache.

Kwa wanaokata misindano na mikaratusi huku Mufindi na Njombe, mnyororo mzuri unaweza kuharibika kwa sekunde moja ukigusa mchanga. Magogo yaliyoburutwa yana udongo ndani ya maganda. Yakwangue kwa panga kabla ya kukata. Miti ya karibu na nyumba ikague kwanza kama ina misumari ya kufungia kamba za nguo au seng'enge. Na usiruhusu ncha ya baa iguse ardhi unapomalizia kukata gogo: kata theluthi mbili, ligeuze, malizia upande wa pili.

Tupa ya duara ni lazima ilingane na mnyororo. Kujua mnyororo wako ni wa aina gani, pima kutoka katikati ya ribiti (pini inayounganisha vipande vya mnyororo) ya kwanza hadi katikati ya ribiti ya tatu, kisha gawa kwa mbili. Ukipata milimita 8.25 huo ni wa .325 (namba hizi za majina ni za inchi), unataka tupa ya milimita 4.8. Milimita 9.5 ni wa 3/8, tupa ya 5.2 au 5.5 kutegemea mtengenezaji. Milimita 10.26 ni wa .404, tupa ya 5.5. Minyororo myembamba ya 3/8 inayofungwa kwenye mashine ndogo za kupogolea inanolewa kwa tupa ya milimita 4. Ukitumia tupa nene kuliko inavyotakiwa, jino halipati ndoana ya kung'ata. Nyembamba mno, inachimba chini ya jino, makali yanakuwa membamba na kuvunjika mapema.

Kata mfereji mdogo kwenye kisiki, simamisha baa humo ili isitikisike, washa breki ya mnyororo. Weka tupa kwa nyuzi 30 kutoka mstari unaokatiza baa kwa upana, moja ya tano ya unene wake ikiwa juu ya mgongo wa jino. Sukuma kutoka upande wa ndani wa jino kwenda nje, na inapotaka kurudi iinue. Kuirudisha ikiwa imegusa chuma kunaua tupa bure. Mara mbili au tatu kwa kila jino zinatosha kama hujachelewa. Noa meno yote ya upande mmoja, kisha zunguka ukanoe ya upande wa pili. Hesabu misukumo, kwa sababu mkono wa kulia una nguvu upande mmoja kuliko mwingine. Meno ya upande mmoja yakibaki marefu, msumeno unakata kwa kupinda, na mkataji analaumu baa. Jino fupi kuliko yote ndilo kipimo: mengine yote yashushwe yafanane nalo. Wanaopasua mbao, sio kukata magogo kwa upana, hunoa kwa nyuzi 10.

Mbele ya kila jino kuna nundu. Hiyo ndiyo inayoamua jino ling'ate kina gani, na ndiyo wengi wanaisahau. Jino likinolewa linashuka, nundu inabaki palepale, basi mnyororo una makali kama wembe lakini hauingii kwenye mti. Kila baada ya kunoa mara nne au tano, shusha nundu kwa tupa bapa hadi iwe chini ya jino kwa milimita 0.65 (minyororo ya .325 na 3/8), ukitumia kile kibati cha kupimia kinachouzwa pamoja na tupa, kisha viringisha ukingo wake wa mbele. Kuna wanaozishusha sana ili "msumeno uwe mkali". Msumeno huo unadakia mti, unatikisa mikono, na uko tayari kukurukia usoni.

Ukaze wa mnyororo unakaguliwa injini ikiwa imezimwa na breki imeachiwa. Legeza nati za kifuniko, nyanyua ncha ya baa, zungusha skrubu hadi mnyororo ugusane na baa upande wa chini, kaza nati huku ncha ikiwa bado juu. Mnyororo uzunguke kwa mkono. Mnyororo mpya hurefuka haraka, kwa hiyo ukague mara kwa mara siku ya kwanza. Ukiukaza ukiwa wa moto, ulegeze kabla ya kuuacha: ukipoa unajikunja na kubana ekseli ya klachi.

Baa igeuzwe juu chini kila unaponoa ili isiliwe upande mmoja. Kwangua takataka kwenye mfereji, zibua tundu la oili, paka grisi kwenye gurudumu la ncha kama lina tundu lake. Sproketi (gurudumu la meno linalozungusha mnyororo) yenye makovu ya kina cha zaidi ya nusu milimita ibadilishwe. Kufunga mnyororo mpya kwenye sproketi iliyochakaa ni kuutupa.

Sasa oili chafu. Iko kila gereji, bei yake karibu na bure, na ndiyo inayomiminwa kwenye matangi mengi. Ina chembe za chuma zinazosaga pampu, ni nyepesi kiasi kwamba inarushwa kabla haijafika ncha ya baa, na ukungu wake unatua kwenye ngozi yako kutwa nzima, jambo linalohusishwa na saratani ya ngozi. Tumia oili ya mnyororo; ikikosekana, oili mpya ya gia EP 90 itakuvusha. Kujua kama pampu inafanya kazi, elekeza ncha juu ya kisiki cheupe kwa umbali wa sentimita 20, ongeza moto kidogo: utaona mstari wa oili. Usipouona, zima. Tangi la petroli likiisha, tangi la oili libaki na kidogo. Na kila unapojaza moja, jaza na la pili.

Kuhusu petroli, acha kupima kwa kizibo. Nunua sirinji ya mililita 20 duka la pembejeo. Oili bora ya 2T (ya kuchanganya na petroli) iliyotengenezwa kwa misumeno inachanganywa 50 kwa 1: mililita 20 kwa lita, 100 kwa lita tano. Oili ya 2T ya kawaida, 25 kwa 1: mililita 40 kwa lita, 200 kwa lita tano. Oili ikipungua, pistoni inakwaruza silinda. Ikizidi, moshi, plagi nyeusi na masizi kwenye ekzosi. Changanya kinachotosha mwezi mmoja, sio zaidi, na tikisa galoni kabla ya kumimina. Plagi ikitoka na rangi ya kahawia isiyokolea, mambo ni sawa. Nyeupe inaashiria injini inakosa mafuta au inavuta hewa pasipotakiwa, usiendelee kukata. Mwanya wake ni milimita 0.5.

Chujio la hewa lisafishwe kila jioni, na kiangazi hata adhuhuri. Kung'uta, kisha osha kwa maji ya vuguvugu na sabuni, likauke kabisa. Utomvu wa misindano ukishikana na unga huziba mapezi ya silinda chini ya kifuniko chake. Fungua kifuniko mara moja kwa wiki, kwangua kwa kijiti, sio bisibisi.

Kuwasha kufanyike chini, breki ikiwa imewashwa, mguu wa kulia ndani ya mshikio wa nyuma. Sogea mita tatu kutoka ulipojazia petroli. Mnyororo ukizunguka wakati injini iko sailensa (inanguruma bila kuongezewa moto), rekebisha kabureta kabla ya kugusa mti. Robo ya juu ya ncha ya baa isiguse kitu: hapo ndipo msumeno unaporuka nyuma, na hakuna binadamu mwenye kasi ya kuukwepa. Kidole gumba cha kushoto kizunguke mshikio wa mbele. Suruali ya kazi hii ina nyuzi ndefu ambazo mnyororo ukizigusa huchomoka na kuziba sproketi. Jinzi haifanyi hivyo.

Mti wa kipenyo cha sentimita 40: mdomo (pengo la kabari) wa upande unaoangukia uwe na kina cha sentimita 8 hadi 10, bawaba (kipande kati ya mdomo na mkato wa nyuma) ya sentimita 4 ibaki bila kukatwa, na mkato wa nyuma uwe juu kidogo ya sakafu ya mdomo. Wengine wote wakae mbali mara mbili ya urefu wa mti. Mkaratusi ulioinama usiukate kutoka nyuma moja kwa moja, utapasuka wima na kipande kitakupiga kifuani. Baada ya mdomo, choma baa katikati ya shina ukianza na sehemu ya chini ya ncha, tengeneza bawaba, acha kipande cha nyuma kikiushikilia, ukikate mwisho ukiwa umesimama pembeni. Mti ulio jirani na nyaya ni kazi ya kuwaita TANESCO kwanza, na kibali cha kukata ulizia ofisi ya misitu ya wilaya.

Matawi: usipande ngazi na msumeno, usikate juu ya bega. Tawi zito linahitaji mikato mitatu. Wa kwanza chini, sentimita 30 kutoka shinani, robo ya unene. Wa pili juu, nje kidogo ya wa kwanza, tawi lidondoke bila kuchana gome. Wa tatu uondoe kigingi, nje tu ya ule uvimbe ambapo tawi linaota. Uvimbe ndio unaofunga kidonda, ukiukata mti unaoza hadi ndani. Rangi haihitajiki. Isipokuwa mparachichi uliokatwa sana ukaachwa uchi: matawi yaliyokuwa kivulini paka chokaa, vinginevyo jua litaunguza gome.

Masika yakisimamisha kazi, mwaga petroli, washa injini hadi ijizimikie ili kabureta ibaki kavu, toa mnyororo na baa, vipake oili, na uviweke mbali na sakafu ya udongo.